Kuvu Mvivu wa Wifi

Msusi alipoona kiduara cha pili kisicho na nywele kichwani mwa binti yake, hakumuuliza mtu kimetoka wapi. Alitazama koti jeupe nyuma ya mlango.

Koti ni la wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja kukaa nao kwa muda na muda ukaota mizizi. Kazi yake maabara, kufuga kuvu wanaokula ngozi na nywele za watu. Mtu mzima na akili zake analipwa kulisha ugonjwa. Msusi alilishika koti kwa ncha za vidole akalitupa uani, kisha akahamishia chumba kingine taulo la mtoto, sabuni ya mtoto, mpaka kigoda cha mtoto.

"Wifi, mbona sahani yangu siku hizi iko peke yake?" mwenye koti aliuliza.

"Ina haya."

"Sema tu."

"Tafuta chumba. Mwanangu anapukutika nywele, na wewe ndiye unayetoka na vijidudu kazini."

"Basi tumpime. Nikiwa mimi, nahama."

"Majibu ujiandikie mwenyewe? Nakuja huko huko."

Akaenda kweli. Magamba yaliyokwanguliwa kichwani mwa mtoto yalipowekwa kwenye kisahani cha kukuzia, alitoa rangi ya kucha mkobani, akatia doa jekundu kwenye kifuniko, kisije kikabadilishwa. Wenye makoti wakatazamana. Watazamane tu.

Kuvu hana haraka. Wiki zilipita kabla msusi hajaitwa. Alikagua doa lake kwanza, ndipo akakubali kuonyeshwa picha yenye mistari myeusi.

"Kuvu akitaka kula nywele hutema protini za kuzikatia, kama mikasi," wifi alisema. "Kila mstari ni protini. Huku wa mtoto, huku wetu."

Upande wa mtoto mistari ilikuwa minene. Upande wa maabara, kama imefutwa.

"Wenu mgonjwa?"

"Mvivu. Miaka yote chakula kinamfuata sahanini, makali yamemwisha. Huyu wa mtoto anaishi kwa kuhama kichwa hiki kwenda kile." Akamgeukia msusi. "Mtoto huchanwa na nani?"

"Mimi."

"Kwa kitana kipi?"

Kitana cha saluni, kile kile kinachopita kila kichwa.

Siku ile ile alimpeleka mtoto kuandikiwa vidonge, kisha akaenda saluni kumimina vitana vyote kwenye mfuko. Mteja wake wa siku zote alimkuta hapo.

"Vinakwenda wapi?"

"Kupimwa."

Mteja alikiangalia kiti, akamwangalia yeye, akakaza kilemba na kubaki mlangoni. Msusi alilijua lile jicho pembe. Yeye mwenyewe alikuwa akimkata nalo wifi yake kila siku.

Jioni koti jeupe lilirudi nyuma ya mlango. Taulo la mtoto, hata hivyo, lilibaki kule kule chumba kingine.