Nilivyogoma kufunga mlango wa usaili Njombe, na binti akaenda chuo

Kamwene wakuu.

Nimesoma sana mikasa yenu humu, leo zamu yangu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, majina tu nimebadilisha.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nimepasua mbao Kifanya, nimepakia mizigo Makambako, nimelinda mitambo ya barabara kule Kitulo maua yakiwa yamechanua hadi unasahau njaa. Nikiwa mbali naiota Njombe, nikifika Njombe naiota safari.

Safari hii nilitulia. Nikajitolea kwenye kikundi cha wazazi pale mtaa wa Ramadhani. Tunawafanyia interview vijana waliomaliza form four, kisha kila mmoja anapata mlezi wa kumshauri na kumlipia chuo cha ufundi.

Nikaleta utaratibu niliouona kwenye kambi moja ya vijana huko nyuma. Kijana hahojiwi na mtu mzima mmoja. Wawe wawili, mlango wazi, walio nje wawaone ila wasisikie. Na mlezi akitaka kuongea na kijana, anapitia kwa mzazi.

Wakuu, mlango wazi mwezi wa saba Njombe ni vita! Huku ukiingia bila kufunga unaonekana huna malezi. Mwenyekiti wetu, Mama Mgaya, alinijia juu.

"We baba, umezaliwa Dar? Funga hapo, unatugandisha!"

"Mama, ongeza sweta. Mlango haufungwi."

"Haya, Mzee wa Milango."

Jina likanikaa hadi leo.

Kati ya walezi alikuwepo muuza vipuri wa Makambako, nimwite Bosi. Mcheshi, anapendwa na kila mtu. Akajitolea kumlipia Tumaini, binti anayetaka kusomea umeme. Walezi wengine wote walikuwa wameshapata vijana wao. Bosi akijitoa, Tumaini anabaki nyumbani.

Zamu yake ya kumhoji Tumaini ilipofika, Bosi akamwomba mhojaji mwenzake atoke, akafunga mlango. Nikaufungua. Akaufunga. Nikaufungua tena, nikaweka kiti pale kizingitini nikakaa.

"Baridi, kaka."

"Naijua, Bosi."

"Basi kesho aje Makambako, kuna lodge tulivu. Tutaongea vizuri."

"Atakuja na mama yake, na Mama Mgaya, na mimi."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Kumbe mnanishuku? Tafuteni mtu mwingine." Akawasha gari, akaondoka.

Wajumbe wakanigeukia. Mmoja akasema nimeharibu maisha ya mtoto kwa ubishi wa mlango. Tumaini alikuwa analia.

Mama Mgaya akasema twende jikoni, kule nyuma wanakopikia akina mama, banda lililo wazi upande mmoja. Akamkalisha Tumaini benchi la pembeni karibu na moto, pamoja na wamama wawili anaowaamini. Sisi tukamenya viazi. Tunawaona, hatuwasikii.

Baadaye wakatuita, wakatueleza kwa ruhusa ya Tumaini mwenyewe.

Bosi alikuwa akimpigia simu kwa siri. Alimwambia asimwambie mama yake, la sivyo chuo hakuna.

Mama Mgaya akafunga kitenge kiunoni. "Twendeni."

Siku hiyohiyo tulikwenda na mama mzazi wa Tumaini kwa afisa ustawi wa jamii, kisha polisi dawati la jinsia na watoto. Kesi wanayo wao, sitaisema humu. Kwenye kikundi chetu Bosi hana nafasi tena.

Na chuo? Hapo ndipo Njombe iliponifurahisha.

Chuo kile kinapokea chakula badala ya ada. Akina mama wakatangaza kanisani, Walutheri kwao na Wakatoliki kwao. Hawa watu hushindana kwaya kila mwaka, safari hii wakashindana magunia! Viazi, mahindi, maharage. Lori lilijaa hadi turubai likagoma kufunika.

Yule mjumbe aliyenisema ndiye aliyeendesha. Njia nzima anapiga honi kama harusi.

Nilichojifunza: usiweke ulinzi kwa sababu unamshuku mtu. Weka kwa wote, tangu siku ya kwanza, hata kwa padri na mchungaji. Mwenye nia safi atalalamika baridi, kisha ataongeza sweta. Na ukimpa kijana mahali anapoonekana bila kusikilizwa na wote, atasema.

Tumaini yuko mwaka wa pili sasa. Juzi kanipigia, mama yake akiwa pembeni, anijulishe kuwa kwenye mtihani wa vitendo amewashinda wavulana wote darasani.

Mnaolea vijana wa watu, kwenu mnafanyaje? Na anayeona nimezidisha ukali aje tubishane, leo sisafiri.