Meno ya Kahawia Mstarini

Mwaka ule shule yetu ya Mtoni ilikuwa na mwalimu wa usafi aliyejiona mkubwa kuliko mwalimu mkuu. Kila Jumatatu alipita mstarini, watoto wamekenua, naye akipekua midomo kwa ncha ya rula ileile, mtoto hadi mtoto, bila kuifuta. Huo ndio ulikuwa usafi wake.

Katika darasa la nne, nililokuwa nikifundisha, alihamia binti kutoka kijiji kimoja cha Arusha, akikaa kwa shangazi yake. Meno yake yalikuwa ya kahawia. Maji ya visima vya kwao yana madini yanayotia meno rangi hiyo. Aliyewahi kuishi huko anajua. Mwalimu wa usafi hakujua, wala hakuuliza. Alimsimamisha mbele, akawaambia wenzake huo ndio mdomo wa mvivu, kisha akamtuma jikoni akachukue mkaa, asugue mpaka yang'ae.

Mie nilikuwa hatua tatu pembeni na daftari la mahudhurio. Nilijua ni maji. Nikaendelea kuhesabu watoto.

Binti alirudi fizi zinatoka damu, meno yaleyale. Jumatatu iliyofuata, mkaa tena. Ya tatu akaja shangazi yake, muuza samaki wa kukaanga, ndoo bado mkononi. Alimwamkia mwalimu mkuu shikamoo kwa heshima zote, halafu akamgeukia mwalimu wa usafi.

"Mie meno yangu ni hayahaya tangu utotoni. Nipe na mie mkaa." Akafungua mdomo.

Mwalimu wa usafi akajibu kwamba yeye anafuata mwongozo tu. Mwongozo wenyewe hakuna aliyewahi kuuona.

Baadaye alikuja daktari wa meno kupima shule nzima. Ya binti yalikuwa na rangi tu, hata moja halikutoboka. Magego yaliyooza yalikuwa ya wale wenye meno meupe ya mbele, wateja wa barafu za ukwaju ambazo mwalimu wa usafi mwenyewe aliwauzia kila mapumziko. Kwenye ripoti yake mwalimu huyo akaandika kuwa ukaguzi wake umezaa matunda.

Nami sikuwa bora. Siku hiyo ya daktari ndipo nilipomwita binti nikamweleza habari za maji, kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi.

Aliziba mdomo kwa kiganja kabla ya kujibu.

"Najua, mwalimu. Kwetu wote tunajua."

Akaomba ruhusa, akarudi kukaa.