Miti ya Mlimani Tuliyoipikia Maharage

Mto Mulongwe ulipofurika tena, nilirudi Uvira kumsaidia dada yangu kuzoa matope nyumbani kwake. Tope la mlimani ni zito, rafiki yangu. Nilipoinuka kunyoosha mgongo, nikauona mlima ulivyo mtupu, nikakumbuka kwamba pale juu tulikuwa na msitu.

Haukuwa mkubwa. Mwalimu wetu alikuwa na kitalu cha miche nyuma ya shule, na bibi yangu, ambaye sote tulimwita Koko, aliipanda miche hiyo upande wa juu wa shamba lake la mihogo. Kila Jumamosi tulipandisha vidumu vya maji hadi mabega yakachubuka. Koko alizoea kusema, "Mlima ukivuliwa nguo, mto ndio unaona haya." Miaka ikapita, tukapata kivuli, na uyoga wakati wa mvua.

Vita ikaja. Watu wa Kamanyola na Nyakabere walikimbilia kwetu na magodoro kichwani, na wote walihitaji kupika. Mama mmoja aliingia msituni na panga, mtoto mgongoni akikohoa. Nilidhani Koko atamfukuza. Alimshika mkono tu.

"Mama, usikate chini kabisa. Kata hapa, kisiki kichipuke. Utarudi tena."

Kwa muda watu walimsikiliza. Halafu wakaja wenye bunduki waliotaka makala, yaani makaa ya kupikia, wakang'oa hata visiki. Ukasalia mti mmoja mchanga karibu na nyumba. Koko aliuzungushia miiba.

Jumapili moja, Koko akiwa misani, wadogo zangu walikuwa wanalia njaa. Maharage yalikuwepo, kuni hakuna. Nikaukata. Ulikuwa mbichi, ukawaka kwa shida, moshi mtupu.

Koko alirudi, akasimama mlangoni.

"Weye mutoto, kuni imetoka wapi?"

"Minye sijui, Koko."

Alikaa, akala maharage yake polepole. Hakuuliza tena, wala siku ile wala baadaye. Alikufa kabla ya vita kutulia.

Siku hizi tunaitwa kwenye semina. Wageni wanatueleza kwamba mvua zimebadilika, kwamba miti inashika udongo, kwamba tukate kwa kuacha kisiki. Wanasema kweli. Mimi hukaa nyuma, nikiitikia kwa kichwa. Nimechoka kueleza kwamba hayo tuliyajua. Tulichokosa ni miaka ya amani ya kungoja mti ukue.