Mwalimu Aliyengoja Kuagwa

Yule mwalimu wa Lubumbashi niliyewahi kuwaeleza hapa, aliyekuwa akienda soko la Midi hapa Brussels kila Jumapili kununua samaki wakavu akiwa na tai shingoni, amefariki. Daktari kasema moyo. Mimi nasema kihoro, wala sitabishana na mtu.

Alifundisha muziki katika shule ya msingi ya Kiingereza hapa mjini, shule ya zamani ya watoto wa wakubwa, iliyoletwa na desturi zake zote kutoka Uingereza: wimbo wa asubuhi, wanafunzi kugawanywa katika makundi ya kushindana yaitwayo nyumba, kumpa mkono mwalimu mkuu mlangoni. Desturi aliyoipenda kupita zote ni ya kuaga. Mwalimu akistaafu, shule nzima hujipanga safu mbili kutoka ukumbini hadi getini, naye hupita katikati akipewa mkono na mtoto mmoja mmoja, bila kuharakishwa. Kila alipostaafu mwenzake, yeye ndiye aliyepanga safu na kupiga piano. Tulimtania kwamba amekuwa Mwingereza. "Bon, mucheke tu," alitujibu. "Siku yangu mutakuya kuona."

Mwaka wake wa mwisho shule ikauzwa. Wenye mali wapya walifuta wimbo, wakafuta nyumba, wakasema kuagana kunakula muda wa masomo. Yeye akatumiwa barua pepe ya shukrani, ileile waliyotumiwa wastaafu wote. Shule ilikuwa imeshafungwa kwa likizo nilipomkuta kwake Etterbeek, amevaa suti, amekaa. "Pengine bataniita septembre," aliniambia. Septemba ikapita. Akaacha piano, kisha akaacha kutoka nje.

Nina hasira, wasomaji wangu. Sisi wageni huzipokea desturi za watu, tukadhani nazo zimetupokea. Mwenyewe akichoka nazo huziuza pamoja na viti, nasi tuliozitunza kwa jasho hatuulizwi. Na huku kwetu, mtu huyu tulimpa nini zaidi ya utani?

Makaburini tulikuwa wachache. Binti yake, ambaye huniita mjomba, akanishika mkono. "Tonton, tungojeye kidogo. Pengine batoto ya masomo batakuya." Tukangoja mvuani hadi wachimba kaburi wakaanza kutazama saa. Hakuja mtoto, hakuja mwalimu, hata shada la maua halikuja. Binti akasema basi, wamshushe.

Shule haina mkono wa kumpa mtu. Mwenye mwalimu wake aende akampe mkono wake leo, maana sisi wetu tumemzika akiwa bado anangoja.