Foleni ya Ng'ombe

Leo nesi alipopangusa mkono wangu kwa pamba yenye spiriti, nilicheka peke yangu, jambo lisilomfaa mtu mwenye shahada mbili. Harufu ile ilinirudisha utotoni, kijijini kwetu Kasokola, siku ya kliniki ya watoto. Mama alikuwa amembeba mdogo wangu, ambaye alikuwa hajachanjwa surua, na surua ilikuwa imeshaingia kwa majirani. Nesi aliyekuja na gari la kliniki akaziba pua.

“Nyie Wasukuma mnanuka ng'ombe. Kaa mwisho wa foleni.”

Zamu yetu ilipofika, akafunga kasha la chanjo. “Muda umeisha. Mje mwezi ujao.”

Mama akamfunga mtoto mgongoni. Tulirudi shambani, akafunga ng'ombe nira, akaendelea kulima. Jioni gari lile likapita, likazama kwenye tope jeusi mbele yetu. Nesi akaja akijikokota, viatu mkononi.

“Mama, tusaidie, ng'ombe watuvute.”

“Wananuka hao, nesi.”

“Jamani mama, nilikuwa natania!”

“Mchanje mtoto kwanza.”

Akamchanja palepale, tope likimfika magotini. Mdogo wangu akalia, mimi nikafurahi. Nikakimbilia mnyororo wa kuvutia gari, mama akanishika bega.

“Subiri. Ng'ombe nao wana foleni yao.”

Akawanywesha maji mmoja mmoja, kisha akaketi kuwatoa kupe. Chuoni nilisoma mengi kuhusu msamaha. Lakini sijawahi kuona kitu kizuri kama kupe wale, jinsi walivyokuwa wengi, na jinsi mama alivyokuwa hana haraka.