Mama Kufuli na Handaki Lililonyamaza

Saa tatu asubuhi. Bustani ya michezo haijafunguliwa bado, bembea zimetulia, na mbele ya lango la treni ya giza kuna kundi la watu wazima wanaogombania siti kama watoto wa chekechea.

"Mimi mbele sikai, nimeshasema," anasema shemeji mmoja mwembamba. "Akae huyu mwenye mwili. Dude likitokea lianze na nyama."

Kicheko kinaenda hadi kwenye kibanda cha tiketi. Katikati yao anazunguka mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mbili, fulana ya kazi mwilini, kufuli kubwa linaning'inia kiunoni. Anawakagua mikanda mmoja mmoja.

"Masharti ni yale yale," anawaambia. "Kupiga kelele ruhusa. Kumtukana fundi ruhusa. Kujifanya jasiri marufuku. Jasiri ananiharibia kazi."

Katika bustani hii jina lake halisi limebaki kwenye kitambulisho tu. Wote wanamwita Mama Kufuli. Kazi yake ni moja: kuamua kama kitu kinatisha kupita kiasi. Kikijengwa chumba kipya cha kutisha, lango lake linafungwa kwa kufuli hilo, na halifunguliwi kwa wageni mpaka yeye aingie, atoke, kisha amkabidhi meneja kufuli mkononi. Kufuli likibaki langoni, treni haitembei, hata kama imeshatangazwa redioni.

Na safari hii ilikuwa imeshatangazwa. Handaki, sehemu mpya ya treni ya giza, lilitakiwa kufunguliwa Jumamosi. Mabango yalikuwa yameshapanda. Fundi aliyelijenga, anayejulikana kwa jina la Fundi Mifupa kutokana na mafuvu anayoyachonga, alisimama pembeni ya swichi za umeme akitafuna kucha.

Mama Kufuli hakuanzia hapo. Kwa miaka minane alisimama kwenye mlango wa kutokea, kazi yake kuwafungulia abiria mikanda.

"Mlango wa kuingilia kila mtu shujaa," anasema. "Ukitaka kumjua mtu, msubiri kwenye mlango wa kutokea."

Hapo ndipo alipoona jambo. Waliopiga mayowe walitoka wakicheka, wakakimbilia foleni tena. Lakini wapo waliotoka kimya, na baadhi yao walitoka mikanda ikiwa wazi tayari. Siku moja treni ilimletea kijana mmoja, mikono imejaa kama ya mbeba magunia, amesimama wima ndani ya kibehewa kinachotembea. Chuma cha darini kilimkosa kichwa kidogo tu.

Alikwenda kwa meneja siku hiyo hiyo. Meneja akamsikiliza, akasimamisha treni, na wiki iliyofuata akampa kazi mpya.

"Anayepiga kelele anashika chuma kwa mikono miwili," anaeleza. "Aliyenyamaza anatafuta mlango. Na ndani ya treni inayotembea hakuna mlango."

Kwa hiyo yeye haangalii madude. Anasikiliza watu. Hukaa kibehewa cha mwisho, amewapa wenzake mgongo, amefumba macho. Anachotaka kusikia ni yowe, halafu kicheko nyuma yake. Yowe bila kicheko linamtia wasiwasi. Kimya kinamfanya asimamishe kila kitu.

Wasikilizwaji wenyewe, mashemeji, mawifi na majirani, anawatoa nyumbani kwake. Ni nyumba ya vyumba viwili na sebule, ambayo mumewe, fundi wa majokofu, anaiita kituo cha basi. Mshahara wa Mama Kufuli ni mdogo kuliko wa mafundi wa reli, ila umelipa kodi ya nyumba hiyo na kusomesha watoto watatu, na birika lake halikai likapoa. Wageni hawaishi. Wifi yake, dada wa mumewe, huja asubuhi kuomba chumvi na kuondoka baada ya taarifa ya habari ya usiku, chumvi akiwa ameisahau mezani.

"Watu wa kutishwa ninao wa kutosha," anasema Mama Kufuli. "Tatizo mtu namtumia mara moja tu. Akishaingia ndio basi, kama njiti ya kiberiti."

Na yeye mwenyewe hataki kuzoea kitu kabla ya jaribio. Kipindi chote cha ujenzi wa Handaki hakulisogelea. Alipita njia ya nyuma. Wakati wa chakula cha mchana, Fundi Mifupa akianza tu kusimulia alichofunga juzi, yeye alijiziba masikio na kuimba kwa sauti mpaka mwenzake akate tamaa.

Fundi mwenyewe anakubali kwamba hilo lina maana, kwa sababu anaujua ugonjwa wa mafundi.

"Yule bibi kizee wa dirishani nilipomtengeneza, siku ya kwanza nilimwogopa mwenyewe," anasema huku akicheka. "Wiki ya pili nikawa nikipita nampa shikamoo. Sasa mtu unayempa shikamoo atakutisha na nini? Nikamwongeza meno. Mwezi uliofuata nikayazoea meno, nikamwongeza mikono. Ukiachiwa hivyo utaua watu huku wewe unapiga miayo."

Asubuhi ile, kiti cha mbele kilichukuliwa na wifi. Anauza nguo sokoni, na mdomo wake hauna breki.

"Mimi nimezaa wanne bila hata dawa ya maumivu," alitangaza akijifunga mkanda. "Dude la plastiki litanifanya nini?"

"Nimesema majasiri marufuku," alisema Mama Kufuli.

"Ujasiri wangu siuvai, wifi, nimezaliwa nao. Endesha treni yako!"

Nje, kwenye benchi, alibaki mtu mmoja tu: mama mkwe wa Mama Kufuli, mikoba ya ukoo mzima imemjaa mapajani. Kila jaribio huja, na kila jaribio hukaa pale pale. Si kwamba anaogopa. Mkwewe ndiye anayemzuia.

"Namhifadhi," hueleza Mama Kufuli. "Huyo ndiye akiba yangu."

"Akiba, akiba," hunung'unika mama mkwe. "Nitaozea kwenye benchi."

Treni ikaingia gizani.

Bibi wa dirishani akatoa kichwa, na mayowe yakapasuka. Mara sauti ya wifi: "Bibi, meno hayo umeazima wapi?" Kibehewa kizima kikavunjika mbavu. Mafuvu yakaporomoka kutoka juu. Shemeji mwembamba akapiga yowe jembamba kama filimbi ya mwamuzi, na kicheko kikamfuata hadi kwenye kona. Kule nyuma, Mama Kufuli, macho amefumba, alikuwa akitabasamu.

Kisha treni ikafika chumba cha mwisho, ikasimama. Giza likawa zito. Hakikutokea kitu. Halafu sauti ya mwanamke, laini, karibu kabisa na sikio:

"Mwanangu... mbona umechelewa? Inuka, njoo."

Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyecheka. Sauti ikaita tena, polepole zaidi.

Kwenye kimya hicho Mama Kufuli akasikia mlio mdogo anaoujua kuliko jina lake. Ta! Ni kifungo cha mkanda.

"Washa taa! Usiondoe treni, washa taa!"

Taa zilipowaka, wifi alikuwa amesimama, mguu mmoja uko nje ya kibehewa, ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kwenye kibehewa cha tatu, jirani aliyemzika mama yake mwaka jana alikuwa amejiinamia, machozi yanamtiririka bila sauti.

"Wewe, unakwenda wapi?" Mama Kufuli alimuuliza wifi.

"Sijui," alijibu wifi, akiurudisha mguu ndani. Baadaye akasema, "Nimeitwa. Nikaitika abee, nikainuka. Mama akikuita unakaa kitako? Sisi tumelelewa."

Nje kwenye jua ubishi ulianza, na haukuwa mdogo. Chumba kile ndicho Fundi Mifupa alichokijengea Handaki lote. Sauti aliitafuta kwa miezi, akaipata kwa mwigizaji wa redio.

"Mama, mengine yote ni mapambo," alisema kwa uchungu. "Ukinitolea kile chumba umenitolea roho."

Meneja naye alikuwa na lake. "Wageni nimeshawaalika. Ni Jumamosi hii, Mama Kufuli."

"Jumamosi ipo kila wiki," alijibu, na kufuli likarudi langoni, kra. "Mtu kanyanyuka na treni imesimama. Angenyanyuka wakati inaondoka, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Hapa simkatazi fundi kutisha. Atishe! Lakini amtishe mtu akiwa ameketi."

Akamvuta fundi hadi kwenye benchi, akamketisha kati yake na mikoba ya mama mkwe.

"Sauti yako nzuri, mwanangu. Nzuri mno, ndiyo balaa lake. Hebu niambie, mama yako alikuwa anakuita hivyo lini?"

Fundi akafikiri. "Kukiwa na wageni."

"Enhee. Na wageni wakishaondoka?"

Fundi hakupata nafasi ya kujibu, maana wifi, rangi imeshamrudia, aliachia kwa sauti ya sokoni: "Wewe! Nani kakwambia uinuke? Kaa hapo hapo! Mlango umeuacha wazi, sufuria umeliunguza, na bado unanitolea macho! Kaa chini nasema!"

Mkata tiketi aliyekuwa akipita akaketi kwenye ukingo wa maua. Jirani aliyekuwa akilia akaanza kucheka huku bado anapangusa machozi, akacheka mpaka akamshika bega mtu wa pembeni. Ni mama mkwe tu aliyekunja uso.

"Huyu maneno haya kayatoa wapi?" aliuliza.

Mama Kufuli alikuwa ameshamgeukia fundi. "Sauti yako iache iite. Giza liache. Lakini wakishanyamaza, kabla mkono haujafika kwenye mkanda, huyu wifi awapigie ukelele sikioni."

"Mtaigeuza kazi yangu kichekesho," alisema Fundi Mifupa.

"Tujaribu. Wasipopiga yowe, kufuli hili nakupa ukalifungie baiskeli."

Wifi alirekodiwa mchana huo kwenye kibanda cha tiketi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Alirudia na kurudia, kila mara akikumbuka kosa jingine la wanawe, mpaka fundi akaanza kuomba msamaha kwa makosa yasiyo yake. Usiku huo fundi alikesha na kazi yake. Akaikata, akaisogeza, akamnyang'anya wifi nusu ya maneno. "Ana maneno mazuri," anasema, "lakini treni ina abiria wengine wanaosubiri."

Likabaki swali la masikio. Ilikuwa Ijumaa, na ukoo wote ulikuwa umeshawashwa kama njiti za kiberiti.

Mama Kufuli akaenda kwenye benchi, akapiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Mama, siku yako imefika."

"Ilikuwa wapi siku zote?" alisema bibi, na mikoba akamtupia meneja. Akawaita wenzake wawili anaofanya nao matembezi ya jioni, akakaa mbele, akajifunga mkanda mwenyewe.

Mama Kufuli akapanda kibehewa cha mwisho, akawapa mgongo, akafumba macho. Fundi anasema mikono ilimtoka jasho akashindwa kushika swichi. Aliibonyeza kwa kiwiko.

Bibi wa dirishani: yowe, kicheko. Mafuvu: yowe, kicheko, na dua moja fupi. Chumba cha mwisho. Treni ikasimama. Giza.

"Mwanangu... mbona umechelewa?"

Kimya.

"WEWE! KAA HAPO HAPO!"

Yowe lililotoka liliwashtua hata ndege wa juu ya paa. Wanawake watatu wakakidaka chuma cha mbele kwa mikono yote. Kisha kicheko, kwanza kimoja, halafu vyote kwa pamoja, na juu ya kicheko ikasikika sauti ya mama mkwe, kali, imejaa mshangao wa mtu aliyekuta mali yake kwenye duka la mwenzake:

"Ala! Maneno yangu hayo! Ni yangu, neno kwa neno! Huyu mtoto kaniibia!"

Walipotoka, mikanda yote ilikuwa imefungwa. Mama Kufuli aliipapasa mmoja mmoja, bila haraka. Kisha akaenda langoni, akachomoa kufuli, akamkabidhi meneja, ambaye ilibidi alipokee kwa kidole kimoja kwa sababu mikoba bado ilikuwa imemjaa mikononi.

Fundi Mifupa aliliendea lango, akaliegemea, akacheka peke yake.

Sasa ni Jumamosi jioni, na foleni ya Handaki imezunguka bembea zote. Kutoka ndani linasikika yowe, kisha kicheko, kisha yowe jingine. Wifi amesimama karibu na lango akimwambia kila anayepita kwamba ile sauti ni yake, na mama yake, nyuma yake, anawaambia hao hao kwamba maneno ni yake.

Mama Kufuli ana mipango. Ukoo umekwisha, kwa hiyo amekubaliana na meneja watafutwe watu wapya wa majaribio, walipwe nauli na chakula, na wawe wa kila aina: waoga, waropokaji, waliofiwa, wanaojidai. Wa mwisho hao, anasema, watakaa karibu naye.

Lakini lipo alilojiwekea mwenyewe. Miaka yote hiyo, kwa kukaa kinyume na kufumba macho, hajawahi kumwona bibi wa dirishani. Hayajui meno yake wala mikono yake. Hata mafuvu ya rafiki yake fundi anayajua kwa mlio tu.

"Siku nitakayostaafu," anasema, akiangalia lango, "nitakaa siti ya mbele, macho wazi. Nitapiga yowe mpaka wakate umeme."

"Na mimi nitakuwa pembeni yako," anadakia mama mkwe kutoka kwenye benchi lake la zamani. "Mkoba wako tafuta mtu mwingine wa kuushika."