Anayeona Langoni

Mdogo wangu aliporudi Endasak, baada ya miaka sita ya kusoma lugha za kale huko Sri Lanka, baba aliinuka akampisha kigoda chake. Mimi niliyebaki na ng'ombe miaka yote hiyo sijawahi kukikalia.

Macho ya baba yamefifia, na alikuwa amesema atachagua mmoja wetu wa kumwachia fimbo ya langoni. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Kuwahesabu ni kuwatafutia mkosi. Jioni mtu husimama kwenye lango la boma akawaangalia wakiingia, na asiyekuwepo hujulikana tu. Kazi hiyo niliifanya mimi, fimbo hiyo mkononi. Fimbo niliiona yangu tayari.

Siku ya tatu mdogo wangu alisimama nasi langoni, akimweleza baba habari za Kipali, mojawapo ya lugha za kale alizosoma.

"Passati ni kuona tu, baba. Anupassati ni kukiangalia kitu bila kukiacha, unakifuata kinavyokwenda. Halafu kuna vipassati, kuona mpaka ndani, kitu kama kilivyo."

"Hilo la pili ndilo la langoni!" Baba alicheka mpaka akakohoa. "Hata hao Wapali walikuwa wafugaji!"

Miaka yote nimemweleza habari za kupe na kwato, hajanichekea hivyo hata siku moja. Kwani mimi hapa nilikuwa nafanya nini, passati? Ng'ombe walipita mbele yangu, nami namtazama huyo msomi na viatu vyake visivyo na vumbi.

"Wote wapo?" baba akauliza.

"Wapo, baba."

Mdogo wangu akasita. "Samahani, kaka. Yule mtamba mweusi mwenye doa kifuani, sijamwona akiingia."

Niligeuka kutazama ndani ya boma. Kweli hakuwepo. Mtamba niliyemlea kwa chupa mama yake alipokufa!

Baba hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaigusa fimbo, akaitoa mkononi mwangu na kumpa mwenzangu.

"Nendeni mkamtafute kabla giza halijaingia," akasema. "Mdogo wako atangulie, ndiye anayeona."

Nilimfuata nyuma, na Mungu anisamehe, niliomba mtamba wangu asionekane.